Injini ya ndege ya rimoti inazima angani? Kagua mirija kabla ya kugusa kabureta

• Tundu dogo kwenye mrija wa mafuta linatosha kuiangusha ndege nzima.
• Ukaguzi hauhitaji vifaa vya gharama: bomba la sindano, beseni la maji na macho yako.
• Methanoli ni sumu. Usiivute kwa mdomo hata siku moja.

Ndege imepaa vizuri na injini inaunguruma. Unapandisha pua ili iende juu zaidi, mara inakohoa na kuzima. Hapo una sekunde chache tu za kuishusha salama ndege ya kilo mbili au tatu isiyo na nguvu, huku watu wakiwa wamesimama chini.

Wengi wakishaiokota hukimbilia sindano ya kabureta na kuilegeza ili mafuta yaongezeke. Kumbe hapo ndipo tatizo linapofichwa. Kama chanzo ni hewa inayoingia kwenye mrija, hata ukizungusha sindano siku nzima tundu halitaziba.

Makala haya yanahusu injini ndogo za methanoli, hasa zile za takriban sentimita za ujazo 7.5 zinazofungwa kwenye ndege nyingi za kujifunzia.

Wese lake lina nini?

Sehemu kubwa ni methanoli. Ndani yake huchanganywa oili, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 20, pamoja na nitromethani kidogo ya kuongeza nguvu.

Injini hizi hazina mahali pengine pa kuweka oili. Oili inayolainisha vyuma huja na mafuta yenyewe. Ndiyo maana mafuta yakipungua kwa sababu ya hewa, injini inakosa nguvu, kilainishi na cha kuipoza, vyote kwa wakati mmoja. Ikiendelea hivyo kwenye kasi kubwa, inaungua.

Mfumo unavyofanya kazi

Tangi ni la plastiki, na mdomo wake umezibwa kwa kizibo cha mpira chenye mirija miwili au mitatu.

Mrija wa kwanza hupeleka mafuta kwenye kabureta. Kwa ndani umeunganishwa na kimpira laini chenye kipande kizito cha chuma mwishoni. Tukiite kizito. Kazi yake ni kufuata mafuta popote yaendako, hata ndege ikigeuka tumbo juu.

Mrija wa pili unaishia juu ya tangi na huleta mgandamizo kutoka kwenye ekzosi ili kusukuma mafuta. Wa tatu, kama upo, ni wa kujazia.

Sehemu tano za kukagua

1. Mirija ya nje. Ikunje taratibu kwa vidole na utafute nyufa, hasa kwenye ncha zinazovaa chuma. Ncha ikichanika, ikate na uichomeke upya, au badilisha mrija wote. Kwa methanoli tumia mirija ya silikoni. Kama injini yako ni ya petroli, silikoni haifai kwa sababu petroli huivimbisha na kuilegeza. Hata kizibo cha tangi kinapaswa kuwa cha aina inayohimili petroli.

2. Filta. Ifungue na uisafishe kwa methanoli safi. Funga vizuri maungio yake, maana filta iliyolegea haizuii uchafu tu, inaingiza hewa pia.

3. Kizito. Tikisa tangi tupu, unapaswa kukisikia kikigonga huku na huku. Kisiguse ukuta wa nyuma wa tangi, kwa sababu kinaweza kunasa hapo. Ndege ikianguka kwa pua, kizito huweza kurukia mbele na kubaki huko. Matokeo yake injini inakwenda poa ndege ikiwa sawa, lakini ikipanda inazima, kwa kuwa mafuta yote yamerudi nyuma.

4. Kizibo. Skrubu yake ikilegea, tangi linavuja. Ukiikaza kupita kiasi unaweza kupasua mdomo wa tangi. Kaza hadi mpira ujae vizuri, kisha acha.

5. Mahali tangi lilipokaa. Mstari wa katikati wa tangi uwe sawa na sindano ya kabureta au chini yake kidogo. Lizungushie sponji, kwa sababu mtikisiko wa injini hugeuza mafuta kuwa povu, na povu ni hewa.

Jinsi ya kupima kama tangi linavuja

Toa tangi na ulimwage mafuta yote. Ziba mirija yote isipokuwa mmoja. Kwenye huo mmoja chomeka bomba la sindano lisilo na sindano, lizamishe tangi kwenye beseni la maji, kisha sukuma hewa kidogo kidogo.

Ukiona mapovu, umepata mahali pa kuvuja. Usipulize kwa mdomo, tangi limewahi kukaa methanoli. Ukimaliza, likaushe kabisa kabla ya kulirudisha.

Kujaza bila kuharibu injini

Chomoa mrija kwenye kabureta na ujaze tangi kupitia huo, au tumia mrija wa kujazia kama upo. Chomoa pia ule wa ekzosi na uuelekeze kwenye chupa. Mafuta yakianza kutokea hapo, tangi limejaa.

Ukijaza mirija ikiwa imeunganishwa, mafuta yanaweza kumiminika ndani ya injini. Kimiminika hakigandamiziki kama hewa, hivyo ukiizungusha fasta kwa starta ya umeme unaweza kupinda fimbo ya pistoni. Propela ikigoma kuzunguka kwa mkono, usilazimishe. Toa plagi kwanza, mafuta yatoke.

Jaribio la pua juu

Kabla ya kurusha, washa injini, mtu mwingine aishike ndege kwa nguvu, nanyi mkae nyuma ya propela. Fungua mafuta hadi mwisho, kisha ainue pua ielekee juu kwa sekunde kadhaa.

Mlio ukibaki uleule au ukipanda kidogo, uko sawa. Ukififia, injini inakosa mafuta. Ishushe, izime, urudi kwenye ile orodha ya vitu vitano. Angalia pia mrija wa kabureta ukiwa unafanya kazi: mapovu yanayopita mfululizo maana yake kuna mahali hewa inaingia.

Ukimaliza kurusha

Usiache mafuta kwenye tangi. Methanoli huvuta maji kutoka hewani, na kwa wanaoishi maeneo yenye unyevunyevu kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, hilo si jambo la kupuuza. Maji hayo huleta kutu kwenye beringi.

Mwaga yaliyobaki, washa injini iteketeze ya mwisho hadi izime yenyewe, kisha tia matone machache ya oili ya kuhifadhia injini na uzungushe propela kwa mkono. Dumu la mafuta lifungwe kabisa na liwekwe mbali na jua.

Usichukulie methanoli kama petroli

Wengi wamezoea kuvuta petroli kwa mdomo ili kuihamisha. Kwa methanoli, usithubutu. Kiasi kidogo kinaweza kupofusha au kuua. Ni kemikali hiyohiyo iliyoua watu kadhaa nchini Kenya Mei 2014 baada ya kunywa pombe haramu iliyochanganywa nayo.

Tumia pampu ya mkono. Usiiweke kwenye chupa ya maji au soda, na iwe mbali na watoto. Inapenya kwenye ngozi pia, kwa hiyo ikikumwagikia nawa mara moja kwa maji mengi.

Moto wake karibu hauonekani mchana. Ukihisi joto pasipo kuona mwali, rudi nyuma haraka.

Injini ikizima tena, fuata mpangilio huu

Anza na mirija, kisha filta, kizito, kizibo na mahali pa tangi. Vyote vikiwa sawa, jaribu plagi mpya. Sindano ya kabureta iwe ya mwisho, na ukiigusa, hesabu umeizungusha mara ngapi ili uweze kuirudisha ilipokuwa.