MJUSI WA MOTO: Historia ya Charmander, uvumi wa mwaka 2001 na wajibu wa mzazi



Ndugu wazazi wa Kizuka, wa Rumonge na wa pwani yote ya Ziwa Tanganyika, leo tunazungumza juu ya kiumbe ambaye watoto wetu wanamjua vizuri kuliko sisi. Ni mjusi mdogo wa rangi ya machungwa. Anasimama kwa miguu miwili, tumbo lake ni la manjano, na ncha ya mkia wake inawaka moto. Jina lake ni Charmander. Hayupo porini wala ziwani, ni kiumbe wa kubuniwa katika michezo ya Pokémon. Lakini picha zake hufika mpaka vijijini: kwenye fulana za mitumba, kwenye mabegi ya shule, na zaidi kwenye simu.

Mzazi akimwona mtoto ameshika picha hiyo, mara nyingi huwa amekwisha kusikia jambo moja tu: kwamba Pokémon ni haramu kwa sababu jina lake lina maana mbaya dhidi ya Uislamu. Basi humnyang'anya mtoto na mazungumzo huishia hapo. Sisi si watoa fatwa. Mas'ala ya hukumu yana wenyewe, nao ni masheikh wetu. Tunachotaka hapa ni kuifuata historia hatua kwa hatua, ili mzazi anapokataza ajue anakataza nini, na anaporuhusu ajue anaruhusu nini.

ALIKOTOKEA

Pokémon ilianza Japani. Aliyeibuni ni Satoshi Tajiri, aliyezaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo. Utotoni alipenda sana kukusanya wadudu. Mji ulipokua, mashamba na madimbwi yalifunikwa na majengo, na wadudu wakapotea. Alipokuwa mtu mzima alitengeneza mchezo wa kuwawezesha watoto wa mjini kukusanya viumbe kama alivyokusanya yeye, na kubadilishana na wenzao.

Mchezo huo ulitoka tarehe 27 Februari 1996, ukichezwa kwenye kifaa kidogo cha mkononi cha kampuni ya Nintendo kilichoitwa Game Boy. Kadi za karatasi zilifuata mwaka huohuo, na filamu ya katuni ya televisheni ikaanza Aprili 1997. Jina Pokémon ni ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "viumbe wa ajabu wa mfukoni". Hakuna maana nyingine iliyofichwa ndani yake.

Mwanzoni mwa mchezo, mtoto huchagua mmoja kati ya viumbe watatu: wa majani, wa maji au wa moto. Wa moto ndiye huyu mjusi wetu. Kwa Kijapani anaitwa Hitokage, yaani "hi", moto, na "tokage", mjusi. Waliompeleka Marekani mwaka 1998 walimpa jina la Charmander, kwa kuunganisha neno la Kiingereza la kuunguza na neno salamanda. Katika mchezo, moto ule wa mkiani ndio uhai wake. Ukizimika, naye amekwisha.

HADITHI YA ZAMANI KULIKO MCHEZO

Wajapani hawakuwa wa kwanza kumweka mjusi pamoja na moto. Hadithi hii ina zaidi ya miaka elfu mbili. Salamanda ni mnyama halisi. Umbo lake ni kama la mjusi, lakini ngozi yake ni laini na yenye unyevu, na kwa ukoo yuko karibu na chura. Huku kwetu kusini mwa Sahara hayupo kabisa. Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki aliandika kwamba salamanda akipita motoni, moto huzimika. Pliny wa Roma, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba ana ubaridi kama barafu, ingawa mahali pengine alionyesha shaka.

Asili ya imani hiyo inaelekea kuwa nyepesi. Salamanda hujificha ndani ya magogo yaliyooza. Mtu akitupa gogo motoni, mnyama hutoka mbio, na anayetazama hudhani amezaliwa na moto.

Hadithi ilifika pia kwa wanavyuoni wa Kiislamu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 868, alimtaja "samandal" katika kitabu chake kikubwa cha wanyama. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, alimtaja pia. Kwao samandal alikuwa zaidi ndege kuliko mjusi, na ilisemwa kwamba vitambaa vilivyotengenezwa kwa manyoya yake vikichafuka hutupwa motoni, vikatoka safi bila kuungua.

Vitambaa hivyo vilikuwepo kweli, lakini havikutokana na mnyama yeyote. Marco Polo, msafiri wa Venice, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1298 kwamba alikuwa na mwenzake Mturuki aitwaye Zurficar, aliyesimamia uchimbaji wa kitu hicho milimani. Huyo ndiye aliyemweleza jinsi kinavyochimbwa, kinavyotwangwa, kinavyooshwa na kusokotwa kama nyuzi. Leo tunakiita asbesto, na tunajua kwamba vumbi lake huharibu mapafu.

Tazameni hapo, ndugu zangu. Habari ilipita kwa wenye elimu wa mataifa mengi kwa mamia ya miaka, na aliyeweka ukweli wazi ni mtu aliyefika mgodini akaona kwa macho yake.

MJUSI WA UKUTANI KWETU

Sisi nasi tuna mjusi wetu na moto wake. Yule mdogo anayetembea ukutani usiku karibu na taa akiwinda wadudu, Waswahili humwita mjusi kafiri. Ni vigumu kulisikia jina hilo bila kukumbuka Hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Ummu Sharik (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha auawe, na akataja kuwa alikuwa akiupuliza moto aliotupwa ndani yake Nabii Ibrahim (A.S.). Na kisa cha moto huo usiomdhuru Nabii Ibrahim kimo katika Suratul Anbiyaa.

Kwa hiyo Wagiriki walisema mjusi huzima moto, sisi tumepokea kwamba alipuliza moto, na Wajapani wamemwekea moto mkiani. Mtoto anayempenda Charmander yuko mlangoni kabisa pa kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.). Mzazi akitaka kumsimulia, hatapata nafasi nzuri zaidi ya hiyo.

MWAKA 2001: MAKATAZO NA UVUMI

Tuje sasa kwenye jambo lililotufikia sote. Machi 2001, kamati ya juu ya wanavyuoni ya Saudi Arabia, chini ya Mufti Mkuu Sheikh Abdulaziz bin Abdullah Al al-Shaykh, ilikataza michezo na kadi za Pokémon. Sababu zilizotajwa zilikuwa za namna mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa kufanana na kamari. Nyingine ilikuwa alama, kama nyota ya pembe sita na misalaba, zilizosemwa kuonekana kwenye kadi. Nyingine tena ilikuwa kwamba viumbe hawa hubadilika umbo, jambo lililofananishwa na nadharia ya Darwin.

Pamoja na makatazo hayo ulisambaa uvumi, ambao haukuwa fatwa, kwamba neno Pokémon lina maana ya "mimi ni Yahudi", na kwamba jina la kila kiumbe ni tusi kwa Mwenyezi Mungu. Karatasi za kurudufu zenye orodha ya "maana" hizo zilipita mikononi. Nintendo ilikanusha. Nasi tumeona hapo juu kwamba Hitokage ni "moto" na "mjusi", wala hapana zaidi.

KILICHOKUWA KWELI

Hapa ndipo tunapoomba wazazi watulie, kwa sababu mambo mawili yalichanganywa.

Suala la kamari halikuwa uzushi. Ndani ya mchezo wa mwaka 1996 kuna nyumba ya mashine za bahati nasibu, ambamo mchezaji hutia sarafu za mchezo na akishinda hupewa viumbe adimu. Fedha hizo si za kweli, lakini tabia anayofunzwa mtoto ni ileile. Watengenezaji wenyewe baadaye waliziondoa mashine hizo katika matoleo mapya, baada ya nchi za Ulaya kukaza masharti juu ya kamari katika michezo ya watoto.

Na kadi je? Pakiti huuzwa imefungwa. Mtoto hulipa bila kujua kilichomo, akitumaini kadi adimu. Septemba 1999 wazazi wa San Diego, Marekani, walifungua kesi wakidai kwamba biashara hiyo ni kamari, nao hawakusukumwa na fatwa yoyote. Mwaka 2022 kadi moja ya zamani ya Charizard, umbo la mwisho la Charmander wetu, iliuzwa kwa dola 420,000 za Kimarekani. Bei kama hiyo ndiyo inayomfanya mtoto anunue pakiti ya pili, ya tatu na ya kumi. Na leo, kwenye simu, gemu nyingi huuza "masanduku ya bahati" kwa mtindo huohuo.

Hatari za mwili nazo zilikuwepo. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, kipindi kimoja cha Pokémon kilimulika rangi nyekundu na buluu kwa kasi, na watu 685, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali kwa kifafa, kichefuchefu na kizunguzungu. Mwaka 2000 huko Uturuki katuni hiyo ilitolewa hewani baada ya watoto wadogo kuruka kutoka madirishani na kwenye baraza za ghorofani wakidhani wana nguvu kama za viumbe hao.

Ama suala la kubadilika umbo, linahitaji ufafanuzi. Charmander mmoja hukua akawa Charmeleon, kisha Charizard. Mtoto wa Kizuka anajua jambo linalofanana na hilo bila kufundishwa: kiluwiluwi dimbwini huwa chura, na kiwavi huwa kipepeo. Tajiri alikuwa mkusanya wadudu, na mabadiliko ya namna hii wadudu wanayo. Darwin alizungumzia jambo jingine, la vizazi na vizazi.

YALIYOFUATA

Julai 2016 ulitoka mchezo wa simu wa Pokémon GO, na fatwa ya 2001 ikaanza kuzunguka upya kama vile ni mpya. Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudi Arabia likasema halikutoa fatwa mpya juu ya mchezo huo.

Kisha, Mei 2022, ilijulikana kwamba mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia umenunua hisa za Nintendo, zaidi kidogo ya asilimia 5. Na mwaka 2025 kampuni ya Scopely, iliyo chini ya mfuko huohuo, ilinunua biashara ya michezo ya Niantic, Pokémon GO ikiwemo, kwa dola bilioni 3.5.

Tusielewane vibaya. Mwenye mali kununua kitu hakukifanyi kuwa halali, kama vile uvumi haukifanyi kuwa haramu. Lakini fikirini juu ya kijana aliyeambiwa utotoni kwamba jina hili ni tusi kwa Mungu. Leo anasoma habari hizo kwenye simu yake. Atajiuliza nini?

FUNZO KWETU

Jibu la swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Tukimkataza mtoto kwa sababu mbili, moja ya kweli na moja ya uongo, siku atakapogundua ule uongo ataitupa na ile kweli pamoja nao. Atasema: "Baba alinidanganya juu ya jina, basi na kamari ni hivyohivyo." Uvumi hautuongezei ulinzi, bali hututoboa mtumbwi kutoka ndani. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Watoto wetu nao ni katika watu.

Kwa hiyo mzazi, ukimkuta mwanao na mjusi huyu, kaa naye na muulize mambo haya:

1. Je, unalipa fedha bila kujua utapata nini? Hapo mfundishe maana ya kamari, na useme hapana kwa uwazi.
2. Je, mchezo unakupitisha wakati wa sala, masomo au usingizi? Hapo muwekee mpaka.
3. Je, unajua kwamba haya ni ya kubuni, kwamba huwezi kuruka wala kutoa moto? Kwa wadogo, swali hili ndilo la kwanza.
4. Je, unamjua Nabii Ibrahim na moto wake? Hapo anza kusimulia.

Na ukiletewa karatasi au ujumbe wa simu unaodai maana za siri za jina fulani, usiusambaze kabla ya kuuliza mjuzi wa lugha hiyo. Zurficar aliufikia ukweli kwa kwenda mgodini, nasi mgodi wetu ni kuuliza.

Mwenyezi Mungu atulindie vizazi vyetu na atujaalie tuwaambie kweli. Wabillahi tawfiiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.