Si kila chenye miiba ni kaktasi

Wandugu, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Mnaonifahamu mnajua kwamba kibarazani kwangu kuna makopo yaliyojaa mimea ya miiba. Kila mgeni akifika huuliza: "Hizi kaktasi zako unazitoa wapi?" Nami humrudishia swali: una hakika zote ni kaktasi? Wengi hucheka. Kwao mmea ni mmea tu, jina la nini? Mimi nasema jina lina kazi kubwa, na historia iko upande wangu.

Tuanze na neno lenyewe. Wagiriki wa kale walikuwa na neno "kaktos", lakini hawakuwahi kuona kaktasi hata moja! Kaktos yao ilikuwa mmea wa miiba mfano wa mbaruti, uliokuwa ukiota kisiwani Sicily. Kaktasi tunazozijua leo asili yake ni bara la Amerika, kuanzia Kanada hadi Patagonia. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya mimea, alizikusanya alizozijua, aina 22, akazitwisha zote jina la mmea mwingine kabisa.

Na ile miti mikubwa ya mbugani kwetu, yenye matawi kama kinara cha mishumaa, ambayo watalii huipiga picha wakidhani ni kaktasi? Hiyo ni ndugu wa mnyaa, ule tunaozungushia ua. Wataalamu huita jamii hiyo yuforbia, na jina hilo limetoka hapa hapa Afrika. Mfalme Juba wa Pili wa Mauretania, kaskazini mwa bara letu, aliupa mmea wa milima ya Atlas jina la daktari wake, Euphorbus. Juba huyo ndiye aliyemwoa binti wa Kleopatra wa Misri. Yaani mmea una jina la ikulu ya Afrika, halafu sisi tunauita kwa jina la kuazima.

Haya, utazitofautishaje? Angalia mahali miiba inapotokea. Kaktasi ina vidoa vidogo, mara nyingi vyenye manyoya kama pamba, na miiba huchomoza humo. Yuforbia haina vidoa hivyo, na nyingi zina miiba iliyokaa miwili miwili. Ukiikwaruza inatoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo usiuchezee, maana ukiingia jichoni ni balaa. Na kuna kichekesho: kaktasi pekee inayoota Afrika kwa asili, Rhipsalis baccifera, huning'inia juu ya miti ya msituni kama kamba za kijani, na ikishakomaa huioni miiba. Ungepita chini yake bila kuijua.

Sasa mtu atasema hayo ni mambo ya vitabuni. Twende India. Hispania ilikuwa ikitajirika kwa rangi nyekundu iliyotokana na kidudu kinachoishi juu ya mpungate, ile kaktasi ya majani bapa, huko Mexico. Waingereza nao wakaitaka. Mwaka 1795 vidudu vililetwa India kutoka Brazil, wakidhani ndivyo vyenyewe. Kumbe ni jamaa yake tu! Rangi yake ilikuwa hafifu, ila mipungate aliitafuna kwelikweli.

Madagascar ndiko kunakouma. Wafaransa walipeleka mpungate Fort-Dauphin mwaka 1769 ili kuzungushia ngome yao. Ukasambaa kusini kwenye ukame, na watu wa huko, Antandroy, wakaufanya wao. Walilisha ng'ombe, walikula matunda yake, walipata maji ndani yake na walijificha nyuma yake adui akija. Miaka ya 1920, chini ya ukoloni wa Wafaransa, vidudu vya ukoo ule ule viliachiwa kisiwani. Katika miaka michache mipungate iliteketea. Ng'ombe wakafa, njaa ikaua watu, wengine wakahama kutafuta vibarua. Kwa mkoloni lile lilikuwa gugu. Kwa Antandroy lilikuwa boma, malisho na kisima.

Lakini tusiwe wa upande mmoja. Australia mpungate ulimeza takriban hekta milioni 24 hadi kiwavi kutoka Argentina, aliyeachiwa mwaka 1926, alipoumaliza kwa sehemu kubwa. Wakulima walifurahi hata wakajenga ukumbi wa kumkumbuka kiwavi huyo, mwaka 1936.

Jirani zetu wa Laikipia, Kenya, wana kesi yao. Mpungate ulioletwa kama ua na pambo enzi za ukoloni umevamia malisho. Tembo na nyani hula matunda na kusambaza mbegu. Mbuzi wakila, vijiba laini huwachoma mdomoni na machoni. Miaka ya 2010 wataalamu walipeleka kidudu cha kuula. Na hapo ndipo jina linapoonyesha kazi yake: kidudu hicho kina makabila, kila moja na mpungate wake. Ukikosea jina la mmea, umepeleka askari asiyemjua mwizi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, jua kwanza unapanda nini. Kopo liwe na tundu chini, udongo uwe na mchanga wa kutosha, na maji utie udongo ukikauka tu. Vipande vya mpungate usivitupe jalalani, kwa kuwa kila kipande kinaweza kuota. Nunua kwa mtu aliyeotesha mwenyewe, si iliyong'olewa porini. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 31 ya kaktasi ziko hatarini kutoweka. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata takriban 1,000 zilizoibwa katika jangwa la Atacama, Chile, na mamia yake yalirudishwa kwao mwaka uliofuata.

Je, ule mmea wa miiba ulio uani kwako ni nini hasa? Nenda kavitafute vidoa, kisha uniambie.