Sheria ya Mabaki ya Chakula katika Korea ya Kusini

Magharibi ya mji wa Seoul, kando ya mto Han, pana vilima viwili vyenye majani mazuri. Vilima hivyo havikuumbwa na maumbile. Mahali hapo palikuwa kisiwa, jina lake Nanjido, kilichosifika kwa maua. Na tangu mwaka 1978 mpaka 1993 ndipo palipokuwa jaa la mji mzima, hata taka zikapanda karibu mita 100. Mwaka 2002 pakafunguliwa bustani juu yake, lakini chini ya bustani uozo haukukoma: gesi itokayo humo huvutwa kwa mabomba ikatumiwa kupasha nyumba joto.

Gesi hiyo, methani, ndiyo iliyoyafanya mabaki ya chakula kuwa jambo la dunia nzima. Jaa la kijijini, ambalo kuku hulichakura na upepo hulipitia, huitoa kidogo tu. Bali chakula kilichofukiwa chini sana, pasipo hewa, huitoa kwa wingi, na nguvu yake ya kuipasha dunia joto, ikipimwa kwa miaka 100, hupita ile ya hewa ukaa yenye uzito sawa zaidi ya mara 25. Hata hivyo watunga sheria wa Korea ya Kusini hawakuanza kwa kufikiri juu ya hali ya hewa ya dunia. Walianza na uvundo, na maji machafu. Meza ya Kikorea huandaliwa vitoweo vingi vidogo vidogo pamoja na mchuzi, na katika kila sehemu 100 za mabaki yake, kama 80 ni maji.

Sheria ya mwaka 1995 haikuhusu chakula peke yake: ilimlazimu kila mwenye nyumba kununua mifuko maalumu ya taka, ili atupaye kingi alipe kingi. Tangu Januari 1, 2005, ikakatazwa kuyafukia mabaki ya chakula jaani. Yakapelekwa viwandani kufanywa chakula cha wanyama na mbolea. Hapo sheria ikajikwaa. Maji yaliyokamuliwa katika mabaki hayo hayakuwa na pa kwenda, basi mengi yakachukuliwa kwa meli na kumwagwa baharini. Taabu ilikuwa imehama nchi kavu tu. Jambo hilo halikukomeshwa mpaka mwaka 2013, umwagaji huo ulipopigwa marufuku kwa kufuata mapatano ya mataifa. Mwaka huo huo ada ya mabaki ya chakula kwa kadiri ya wingi wake ikaenezwa mijini: katika majumba mengi ya ghorofa mtu huonyesha kadi yake, pipa likafunguka, likapima uzito, na ada ikaandikwa pale pale.

Mwaka 1995 mabaki yaliyotumiwa tena yalikuwa kama 2 tu katika kila 100. Siku hizi yapita 95. Hesabu hiyo husifiwa, na kwa haki. Ila yahesabu kilichookolewa jaani, si kilichoachwa sahanini. Chakula kilichogeuzwa mbolea kimekwisha kulimwa, kusafirishwa na kupikwa, na moshi wa kazi hizo umekwisha kwenda angani. Wala njia za kukitumia si za kudumu: mwaka 2019, kwa kuihofu homa ya nguruwe ya Afrika, serikali iliwazuia wafugaji kuwalisha nguruwe wao mabaki hayo mazizini, na viwanda vikalazimika kuyatafutia mlango mwingine.