Kutoka "Sine Loco" hadi "Mahali Hapakutajwa": Vifupisho vya Kilatini katika Uorodheshaji wa Vitabu vya Kiswahili

Vifupisho vya Kilatini vilitetewa katika maktaba kwa hoja ya usawa: lugha isiyo ya taifa lolote ingeeleweka kwa wakutubi wote. Kanuni za AACR2 za mwaka 1978 ziliagiza kwamba kitabu kisichojulikana mahali kilipochapishwa kiandikiwe [S.l.], yaani sine loco, na kisichojulikana mchapishaji kiandikiwe [s.n.], yaani sine nomine. Waandishi walipozidi watatu, alitajwa wa kwanza tu, waliosalia walifunikwa na [et al.].

Kwa Kiswahili, usawa huo ulikuwa na kasoro. AACR2 iliruhusu visawe vya vifupisho hivyo katika hati zisizo za Kirumi. Hivyo, Kiswahili cha hati ya Kiarabu kilikuwa na nafasi ya kisawe ambayo Kiswahili cha hati ya Kirumi hakikuwa nayo. Kilichoamua ni hati, si lugha. Kanuni ya watu watatu nayo iligusa kazi za ushirikiano. Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu (1999) ina waandishi watatu: Massamba, Kihore na Hokororo. Angeongezeka wa nne, jina la kwanza pekee lingebaki katika maelezo ya uandishi.

Kanuni za RDA, zilizotolewa mwaka 2010 na kuanza kutumiwa rasmi na Maktaba ya Bunge la Marekani tarehe 31 Machi 2013, ziliviacha vifupisho hivyo na kutaka maneno kamili katika lugha iliyochaguliwa na maktaba husika. Mlango huo unaleta swali la kiisimu. Kilatini kilikwepa upatanisho wa ngeli, Kiswahili hakiwezi. "Mahali hapajulikani" hudai jambo kuhusu ujuzi wa mkutubi, ilhali "mahali hapakutajwa" hueleza hali ya kitabu chenyewe. Sine loco, kwa maana yake ya "bila mahali", inakaribia zaidi kauli ya pili. Vivyo hivyo, "mchapishaji hajulikani" humchukulia mchapishaji kuwa mtu, hata pale ambapo huenda ni kampuni au idara.

Uteuzi huo si wa mkutubi mmojammoja. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na BAKITA zisipokubaliana juu ya istilahi, Kilatini kitaondoka na nafasi yake kuchukuliwa na Kiingereza, nacho Kiswahili kitaendelea kuorodheshwa kwa lugha nyingine.