Wahafidhina Wasio na Chama

Mwaka 1898 Padri Cassian Spiss wa shirika la Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien aliingia nchi ya Wangoni na kuanzisha misheni ya Peramiho, si mbali na Songea ya leo. Nyumba mama ya shirika hilo iko Bavaria, jimbo la Ujerumani ambalo tangu 1957 halijapata waziri mkuu asiyetoka CSU, chama kinachobeba neno "Kikristo" katika jina lake. Kule, Mkatoliki wa kijijini anayeithamini ndoa ya kanisani, shamba la ukoo na serikali isiyoingiza pua kila mahali anajua pa kuweka tiki yake. Mwenzake wa mkoa wa Ruvuma, ilipo Songea, hajui. Watawa wa shirika hilohilo wamebatiza, wamefundisha na kutibu huku kwa zaidi ya miaka 120, lakini chama cha namna ile hakikuwahi kuota, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza kusajili chama chenye lengo la kuendeleza maslahi ya dini fulani.

Hiyo haina maana kwamba Mkristo mhafidhina hakuwahi kuwapo kusini. Alikuwapo, na yupo. Ila ukimtafuta kwenye daftari za vyama utarudi mikono mitupu, maana alikaa kwingine: porini penye kambi za jando, kwenye mabaraza ya vijiji, kwenye ndoa, na kwa muda mrefu kidogo uhamishoni London.

Mwanzo wake wenyewe ni wa ajabu, kwa sababu Wakristo wa kwanza wa Songea walikuwa wavunjaji wa mila. Mmoja wa mapadri wa Peramiho alichoma kibanda cha matambiko cha Nkosi Mputa Gama, mmoja wa watawala wa Wangoni, na kisa hicho hakikusahaulika. Vita ya Maji Maji ilipofika, Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 akiwa njiani na wenzake, na mwezi uliofuata Peramiho ikateketezwa kwa moto. Wajerumani walilipiza bila huruma. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, Mputa akiwamo. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kupanda kitanzini, na padri aliyewabatiza alikuwa mmisionari wa shirika lilelile. Ni vigumu kupata mfano mzito kuliko huo wa jinsi msalaba na bendera ya mkoloni vilivyosimama pamoja siku hiyo, hata kama padri mwenyewe alikuja kwa nia ya kufariji.

Ukielekea mashariki, upande wa Tunduru na Namasakata, habari inabadilika sura. Huku ni nchi ya Wayao, na Wayao wengi ni Waislamu. Ukristo uliosogea kuelekea huku haukutoka Bavaria bali kwa Waanglikana wa shirika la misheni la UMCA, waliowapa makazi watumwa walioachiwa huru pale Masasi mwaka 1876. Mwaka 1926 dayosisi ya Masasi ilimegwa kutoka Zanzibar, na askofu wake wa kwanza akawa Vincent Lucas, Mwingereza aliyesoma Oxford na ambaye kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa padri hukohuko kusini.

Lucas ndiye anayefaa kuitwa mhafidhina kwa maana kamili. Wamisionari wengi wa zama zake waliona jando na unyago kuwa mambo ya kishenzi ya kung'olewa. Yeye aliona kwamba kijana asiyepitia jando si mtu mzima machoni pa watu wake, na kwamba Mkristo anayekatazwa jando atafanya mojawapo kati ya mawili: atakwenda kwa siri, au ataliacha kanisa. Basi akaichukua mila yenyewe na kuibatiza.

Jando la Kikristo lilifanyikaje? Msimu wa kiangazi, baada ya mavuno, vijana walipelekwa kambini porini kama walivyopelekwa babu zao, wakajengewa vibanda vya nyasi. Zamani Myao alisimamisha mbele ya watu tawi la mti, ndilo lililoipa sherehe ya kale jina la lupanda, na mkuu wa mji akawaombea wari kwa wahenga akimwaga unga chini ya mti. Sasa pale palisimama msalaba. Dua kwa wahenga zikawa sala za kuwaombea marehemu, jambo ambalo Waanglikana wa UMCA, wenye ibada zinazokaribiana sana na za Kikatoliki, hawakuona shida nalo. Padri alikaa kambini na wari. Mafundisho ya heshima, ya kuishi na mke na ya kutunza wazazi yalibaki, ila yalichujwa. Siku ya kutoka, vijana walivaa nguo mpya, mama zao wakapiga vigelegele, na safari hii msafara ulipitia kanisani.

Kwa unyago wa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi. Makungwi hawakuwa tayari kuwakabidhi wanaume wa kanisa siri zao, tena wazungu. Hapo mtu anaona mpaka wa mradi wa Lucas: mila inahifadhiwa na wenye mila, na mgeni anaruhusiwa kuingia hadi ukumbini tu. Hata upande wa jando, mafanikio hayakuwa ya askofu peke yake. Mapadri Waafrika wa dayosisi hiyo, Wayao na Wamakua, ndio waliojua kipi kinaweza kupita na kipi kitazua ugomvi, na hawakukubaliana kila mara na mkubwa wao.

Mradi huo ulikuwa na siasa ndani yake. Katika miaka hiyohiyo Gavana Donald Cameron alikuwa akieneza Tanganyika nzima utawala wa kupitia machifu. Jando lilikuwa heshima ya chifu, yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya kulifungua. Kanisa lililolibariki jando lilikibariki na kiti cha chifu, na walioumia ni vijana waliotoka shule za misheni, waliojua kusoma na kuandika lakini wakaambiwa wasubiri wazee waseme kwanza. Ni watoto na wadogo wa vijana wa namna hiyo, kote nchini, waliokuja kukijaza chama cha TANU.

Mmoja wao alitoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Oscar Kambona alizaliwa mwaka 1928 Kwambe, karibu na Mbamba Bay, mtoto wa Mchungaji David Kambona, mmoja wa Waafrika wa mwanzo kupewa upadri wa Kianglikana katika eneo lile. Alisoma Liuli, kisha Dodoma na Tabora. Akawa Katibu Mkuu wa TANU, na baadaye Waziri wa Mambo ya Nje na wa Ulinzi. Jeshi lilipoasi Januari 1964 na Rais Nyerere akalazimika kujificha, ni Kambona aliyekwenda kuzungumza na askari. Ndoa yake na Flora Moriyo ilifungwa mwaka 1960 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Kwa mtoto wa padri wa Kwambe hiyo haikuwa safari fupi.

Mwezi Juni 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya Ujamaa, Kambona alijiuzulu. Mwezi uliofuata akaondoka nchini na familia yake. Akiwa uhamishoni alishambulia utawala wa chama kimoja na kumwita Nyerere dikteta. Serikali nayo iliwaweka kizuizini ndugu zake Otini na Mattiya, na mwaka 1970 ikafungua kesi ya uhaini ambamo yeye alitajwa kuwa kinara bila kuwapo mahakamani, huku Bibi Titi Mohamed, Michael Kamaliza na wengine wakisimama kizimbani.

Je, Kambona alikuwa mhafidhina? Si kwa kuzaliwa. Kabla ya 1967 wengi walimhesabu upande wa wakali, na alikuwa ndani ya serikali nchi ilipokuwa ya chama kimoja kisheria mwaka 1965. Kinachomweka katika habari hii ni ugomvi wenyewe: alikataa kwamba chama kiwe na haki ya kupanga upya maisha ya watu kwa kasi kinayoitaka chenyewe. Aliyekuwa akigombana naye alikuwa Mkatoliki wa misa za asubuhi. Nyerere alishika imani yake hadi mwisho, na mwaka 2005 jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Wakristo wawili, wote wacha Mungu, wote wa kizazi cha uhuru, wakasoma nchi ileile kwa macho tofauti. Anayedai kwamba imani humwonyesha mtu chama cha kupigia kura awatazame hawa wawili.

Serikali ya Kijamaa yenyewe haikuwa na msimamo mmoja katika mambo ya nyumbani. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu wanandoa kubadili ndoa ya mke mmoja iwe ya wake wengi kwa maafikiano yao. Lakini ikaweka ukingo: ndoa iliyofungwa kanisani kati ya Wakristo wawili haiwezi kubadilishwa hivyo maadamu wote wawili bado wanaikiri imani yao. Ushindi mkubwa kabisa wa kisheria wa uhafidhina wa Kikristo Tanzania ulipitishwa na Bunge la chama kimoja lililokuwa likitaifisha mabenki na mashamba, na leo ni wachache wanaoukumbuka.

Songea kulikuwa na funzo lingine, na hilo liliumiza. Kuanzia 1960 vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa, wakalima pamoja, wakajenga shule. Vijiji vingine vikafuata hadi kikaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, RDA. Mshauri wao alikuwa Ralph Ibbott, Mwingereza aliyefika Litowa na familia yake baada ya kuishi katika shamba la Kikristo la St Faith's nchini Rhodesia ya Kusini. Walikuwa na kinu cha kusaga nafaka, walikuwa na karakana, na Nyerere aliwasifu hadharani. Walichokitetea ni jambo la kizee sana: wanakijiji wakae chini, wajadiliane hadi wakubaliane, na asiwepo bwana mkubwa kutoka mjini wa kuwaamulia. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA na mali zake zikachukuliwa. Wajamaa halisi wa Ruvuma waliangushwa na chama cha Kijamaa kwa sababu walishikilia baraza lao.

Kilichofuata kinajulikana. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani alipaswa kuwa amehamia. Katika ukanda wa korosho, unaojumuisha Tunduru, watu walihamishwa mbali na mikorosho yao. Mavuno ya nchi, yaliyofika tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74, yalishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Bei mbaya na magonjwa ya miti vilichangia, lakini mkorosho usiopaliliwa humezwa na pori. Mtu aliyerithi mikorosho kwa babu yake, awe Mkristo au Mwislamu, hakuhitaji kusoma falsafa yoyote ili kujua kwamba kilichovunjwa ni chake.

Halafu upepo ukageuka kwa namna ambayo wanasiasa wa upinzani hawajaielewa mpaka leo. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi ikiuliza kama watu wanataka vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walidai marekebisho. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, Nyerere akiunga mkono, na kuanzia Julai 1992 mlango ukawa wazi. Ile asilimia 80 ndiyo uhafidhina wa Kitanzania ukiwa uchi: hatuipendi sana hali tuliyonayo, ila tunaijua. Chama kilichokuja na Azimio la Arusha na kuhamisha watu kwa malori sasa ndicho kilichozoeleka, chenye balozi wa nyumba kumi na wimbo unaojulikana. Katika mkoa kama Ruvuma, ambako CCM, mrithi wa TANU, imekuwa na mizizi mirefu, mzee wa kanisa anayekipigia kura hafanyi hivyo kwa sababu ya Ujamaa. Anafanya kwa sababu zilezile zinazomfanya asibadilishe mpangilio wa misa.

Kambona alirudi Septemba 1992, baada ya miaka 25. Watu walimngojea kwa hamu na hawakuondoka na mengi. Mpwa wake wa kisiasa, kama mtu anaweza kusema hivyo, alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila, mhubiri wa kilokole kutoka nyanda za juu, jirani na Ruvuma, aliyelaumu wafanyabiashara wa Kiasia kwa maneno makali yasiyo na utetezi, akaidai Tanganyika yake, na kugoma kupeleka chama chake cha DP Zanzibar ili kipate usajili. Mahakamani alikuwa mwingine kabisa: Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilikubali hoja yake kwamba kumzuia mgombea asiye na chama ni kuvunja haki. Alifariki katika ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Sheria haikuwa imebadilishwa.

Maaskofu, kwa upande wao, wamekuwa wagumu kuwekwa kwenye kapu moja. Katika mambo ya ndoa na uhai hawasogei hata hatua. Katika mambo ya serikali wamesema yaliyowaudhi wakubwa: Kwaresima ya 2018 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa ujumbe kuhusu kubanwa kwa siasa, na Agosti 2023 likatoa tamko la kupinga mkataba wa bandari uliohusu kampuni ya DP World. Tamko hilo lilisomwa makanisani Jumapili ya tarehe 20, mbele ya waumini ambao wengi wao hukipigia kura chama kilichokuwa kikiutetea mkataba. Mikataba ya utekelezaji na kampuni hiyo ilisainiwa Dodoma miezi miwili baadaye.