Kifungu cha Barua za Jumla

Kila mteja anayekuja kwetu kuweka tovuti anasaini masharti ya matumizi, na karibu wote wanasaini bila kusoma. Siwalaumu. Kurasa ni nyingi, zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na mtu amekuja na haraka zake: anataka duka lake la vipuri lionekane mtandaoni kabla ya sikukuu. Lakini ndani ya masharti hayo kuna kifungu ambacho mimi, niliyekaa miaka mingi nikitunza seva za barua pepe hapa Dar es Salaam, nakiheshimu kuliko vyote. Kinasema mteja asitume barua za jumla kwa watu ambao hawakuridhia kuzipokea. Kinaweka kikomo cha barua kwa saa. Kinasema pia kwamba akikivunja tutamfungia papo hapo, bila notisi. Wateja wanaobanwa nacho huniambia kampuni ina roho mbaya. Naomba nieleze kilikotoka, kwa sababu kila sentensi yake iliandikwa baada ya watu kuumia.

Tatizo lilionekana kabla halijatokea. Novemba 1975 Jon Postel, mmoja wa wahandisi wa ARPANET, mtandao wa utafiti uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, alitoa waraka mfupi uliopewa namba 706 katika mfululizo wa nyaraka za wahandisi hao. Hoja yake ilikuwa kwamba kompyuta iliyounganishwa na mtandao haina njia ya kuchagua ujumbe wa kupokea na wa kukataa. Kompyuta moja ikiharibika, au mwenyewe akiwa na nia mbaya, inaweza kuzilemea nyingine zote, nazo hazina la kufanya. Mpaka leo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhangaika na upungufu huo alioutaja Postel.

Miaka mitatu haikutimia. Mei 1978 Gary Thuerk, afisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alitaka kuwaalika watu wa pwani ya magharibi ya Marekani kwenye maonyesho ya mashine mpya za DECSYSTEM-20, huko Los Angeles na San Mateo. Watumiaji wa ARPANET walikuwa wachache kiasi kwamba majina yao yote yalichapishwa kitabuni. Anwani zikachukuliwa humo, mwenzake akaketi kuziingiza moja baada ya nyingine, karibu 400. Programu ya barua ya siku zile haikuweza kubeba anwani nyingi hivyo mahali pake, zikafurika hadi kwenye mwili wa barua. Walioipata walikutana kwanza na rundo la majina ya watu, ndipo wakafika kwenye mwaliko. Malalamiko yalikuja upesi, na afisa wa jeshi aliyesimamia matumizi ya mtandao akatoa karipio: mtandao ule ulikuwa wa shughuli rasmi za serikali ya Marekani tu. Thuerk mwenyewe amesema mara nyingi kwamba barua ile ilimletea mauzo ya mamilioni ya dola. Namwamini, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo lote. Barua ya jumla inalipa. Faida inaingia mfuko mmoja, usumbufu unagawanywa kwa mamia.

Baada ya ARPANET ulikuja NSFNET, uti wa mgongo wa mtandao uliogharamiwa na Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, nao ulikuwa na sera ya matumizi yanayokubalika: utafiti na elimu, si biashara. Masharti yetu ya leo ni wajukuu wa sera hiyo. Tarehe 30 Aprili 1995 uti wa mgongo huo ulifungwa, mtandao ukaachwa mikononi mwa kampuni binafsi, na swali la nani atasema hapana likabaki halina mwenyewe.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo lilitokea jambo ambalo linatugusa hata sisi wa huku. Tarehe 12 Aprili 1994 Laurence Canter na Martha Siegel, mume na mke, mawakili wa Phoenix, Arizona, walirusha tangazo lao kwenye vikundi zaidi ya 5,500 vya mtandao wa majadiliano ulioitwa Usenet. Walitangaza kuwajazia watu fomu za bahati nasibu ya green card. Hapa kwetu bahati nasibu hiyo haihitaji kuelezwa. Kwa miaka mingi, kila msimu wake ulipofika, vibanda vya mtandao vilijaa vijana waliopigwa picha za mandhari meupe, na kijana wa kibandani alijaza fomu kwa elfu chache. Mawakili wale walikuwa wakiuza huduma ambayo mtu angeweza kuifanya mwenyewe bila kumlipa wakili, na walilibandika tangazo kila mahali, hata kwenye vikundi visivyo na uhusiano wowote na uhamiaji. Hasira iliyofuata haikuwaangukia wao peke yao. Iliiangukia Internet Direct, kampuni ndogo ya Phoenix iliyowauzia huduma. Malalamiko yalimiminika mpaka seva zake zikaanguka, zikainuliwa, zikaanguka tena. Kampuni iliifunga akaunti yao, nao wakatishia kushtaki. Mwaka huohuo waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine kutajirika kwa njia hiyo. Mwaka 1997 Canter alifutwa kwenye orodha ya mawakili wa jimbo la Tennessee, na matangazo yale yalikuwa miongoni mwa sababu.

Kila ninapoisoma habari hiyo, jicho langu linakwenda kwa mafundi wa Internet Direct. Hawakuandika tangazo wala hawakupata senti ya faida yake, lakini wao ndio waliokesha.

Sheria ilifika kwa kuchelewa, na kupitia mahakama. Sanford Wallace na kampuni yake ya Philadelphia, Cyber Promotions, walikuwa wakituma mamilioni ya barua za matangazo. Februari 1997 mahakama ya shirikisho huko Ohio, katika kesi ya CompuServe, kampuni ya huduma za mtandao, dhidi yao, ilisema seva ni mali ya mwenyewe, na anayeendelea kuijaza barua baada ya kukatazwa anaingilia mali ya mtu. Septemba mwaka huo kampuni ya AGIS, iliyowaunganisha Cyber Promotions na mtandao, ilichoka ikawakata. Wakaenda mahakamani, na jaji wa Philadelphia akaamuru warudishiwe huduma kwa muda. Sababu haikuwa kwamba walikuwa na haki ya kutuma barua zile. Mkataba ulitaka notisi ya siku 30, na notisi haikutolewa. Mteja anapoona sentensi yetu isemayo tunaweza kumfungia bila notisi, anaona ukatili. Mimi naiona kesi ya AGIS: siku 30 ni muda wa kutosha kumaliza orodha ya nchi nzima.

Wakati huohuo huko California mhandisi Paul Vixie na wenzake walitengeneza orodha ya anwani za IP zinazotoa barua taka, yaani barua za jumla zisizoombwa, au zinazowahifadhi wanaozituma. Seva yoyote duniani iliweza kuiuliza orodha hiyo kabla ya kupokea barua. Mwaka 1998 Steve Linford alianzisha Spamhaus huko London kwa mwelekeo uleule. Orodha hizi hazikuwa na polisi wala bunge. Zilikuwa na nguvu kwa sababu wasimamizi wa seva walichagua, mmoja mmoja, kuziamini.

Nguvu hiyo tuliionja. Wakati ule seva nyingi za barua ziliachwa wazi: zilipokea barua kutoka kwa yeyote na kuipeleka kwa yeyote. Haukuwa uzembe, ulikuwa ustaarabu wa zamani wa mtandao, wa kusaidiana kupitisha mizigo. Programu ya sendmail, iliyobeba sehemu kubwa ya barua za dunia, ilianza kufunga mlango huo yenyewe kwa toleo la 8.9 la mwaka 1998. Lakini matoleo ya zamani yalibaki kwenye mashine zetu kwa miaka, yaliyowekwa kutoka kwenye CD zilizopita mikono mingi. Nilipokuwa kijana kazini, taasisi moja hapa mjini iliniita kwa sababu mtandao wao ulikuwa haufunguki. Walikuwa na dishi la setilaiti juu ya paa na njia ya kilobiti 128 kwa sekunde, ofisi nzima ikigombania hiyohiyo, na malipo yake kwa mwezi yalizidi mishahara ya watu kadhaa. Nilifungua foleni ya barua nikakuta maelfu ya anwani za AOL na Hotmail. Mtu wa mbali, ambaye hata hakujua Dar es Salaam iko wapi, alikuwa amekipitishia kwenye seva yao kila alichotaka kuuza. Kuufunga mlango kulichukua dakika chache. Kuondolewa kwenye orodha za kuzuia, ambako seva yao ilikuwa imeshaingizwa, kulichukua muda mrefu zaidi, na katika muda huo barua zao halali kwa wafadhili zilikuwa zikikataliwa. Mtumaji hakulipa kitu. Gharama ililipwa kwa bajeti ya taasisi ya Kitanzania.

Kuna lililoniuma zaidi. Wako wasimamizi wa seva wa Ulaya na Marekani waliochoshwa na barua za utapeli wakafunga anwani za nchi nzima, Nigeria ikiwa mfano maarufu. Mwalimu au daktari wa nchi iliyofungwa hakuwa na wa kumlalamikia. Natetea orodha za kuzuia, ila hilo silitetei.

Julai 2009 kebo ya SEACOM iliwashwa, Dar es Salaam na Mombasa zikaungwa na dunia kwa nyuzi za kioo badala ya setilaiti. Bei ilianza kushuka, na kampuni za kuhifadhi tovuti zikaongezeka. Sehemu kubwa ya biashara yetu ni seva za pamoja, ambapo mamia ya wateja hutumia anwani moja ya IP kutuma barua. Ni nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme wa Luku: mpangaji mmoja akiwasha jiko la umeme usiku kucha, asubuhi wote mko gizani. Ndiyo maana ya kikomo cha barua kwa saa. Mara nyingi hata si mteja anayetuma, ni nywila yake iliyoibwa, na kikomo kinatupa nafasi ya kushtuka kabla orodha za kuzuia hazijashtuka.

Mazungumzo magumu ni na watu wema. Nakumbuka mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mwenye shule yake binafsi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Barua zangu haziendi tangu jana."

"Tumezisimamisha sisi, mwalimu. Hizi anwani elfu nane umezipata wapi?"

"Kuna kijana aliniuzia kwenye flashi. Ni wazazi wa mji mzima."

"Nao walikubali uwaandikie?"

Alinyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi siuzi bangi. Natangaza shule."

Alisema kweli, na hoja yake inastahili jibu. Kifungu hakiangalii barua inasema nini. Tangazo la shule, la msikiti, la kanisa, la dawa feki, yote yanapimwa kwa swali moja: aliyeipokea aliiomba? Spamhaus wameshikilia msimamo huo tangu mwanzo, nami naukubali kwa moyo wote, kwa kuwa ukianza kupima uzuri wa ujumbe, kila mtumaji atauona wake ni mzuri. Ulaya iliufuata msimamo wa ridhaa kwanza katika agizo lake la mwaka 2002. Marekani, kwa sheria iliyosainiwa Desemba 2003, iliruhusu mtu atumiwe mpaka aseme basi, na naona walikosea. Huku Afrika Mashariki, Kenya ilipata sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania ikapata ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Flashi ya yule kijana sasa ina maswali ya kisheria, mbali na ya kiufundi. Nilimweleza mwalimu pia kwamba katika orodha za kuuzwa huwamo anwani za mtego, zisizo na mtu nyuma yake, zilizowekwa ili yeyote anayeziandikia ajulikane kuwa hakuomba ruhusa.

Februari 2024 Google na Yahoo walianza kutekeleza kanuni mpya. Kwa Gmail, anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku lazima athibitishe kikoa chake kwa SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3. Kwa maudhui ni kanuni nzuri, ni kifungu chetu kilichotiwa meno. Kinachonisumbua ni njia ya rufaa. Waraka namba 2142 wa Mei 1997, katika mfululizo uleule wa nyaraka za wahandisi, uliagiza kila mtandao uwe na sanduku la barua linaloitwa abuse, la kupokea malalamiko ya matumizi mabaya. Letu tunalifungua kila siku, na analifungua binadamu. Watoa huduma wakubwa wa barua, ambao leo wanaamua barua ya mtu wa Kijitonyama, hapa Dar es Salaam, ifike au isifike, hutujibu kwa fomu zinazojibiwa na mashine, na mteja wangu aliyefungiwa kwa makosa husubiri bila kujua anamsubiri nani. Wakitaka tutii asilimia zao, nasi tuna haki ya kudai mtu wa kuzungumza naye upande wa pili.