Njia ya Kwenda kwa Masaku

Zamani, kabla ya gari la moshi, msafiri aliyetoka Mombasa akiazimia kufika kwa Masaku, mwaguzi wa Wakamba ambaye jina lake wageni waligeuza kuwa Machakos, hakuwa na budi kuvuka nyika kame ya Taru, na kisha, nyayo zikiwa zimekwisha chubuka, kuparamia majabali ya Ukambani hadi chini ya vilima vya Iveti. Taabu hiyo misafara ya Wakamba wenye pembe za ndovu iliizoea tangu kale. Hapo kwa Masaku ndipo kampuni ya Waingereza, iliyopewa hati mwaka 1888, ilipojenga ngome. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi pasipo kupitia Machakos, na makao ya utawala yaliyokuwa ngomeni yakahamishiwa huko.